Loutro, Krete: siku sita katika kijiji kisichofikiwa na gari

Loutro ni safu moja ya nyumba nyeupe zenye madirisha ya buluu, imejipanga kwenye ghuba ndogo ya pwani ya kusini ya kisiwa cha Krete, Ugiriki, katika eneo la Sfakia. Nyuma ya nyumba mlima unapanda kiasi cha mita 600. Mbele ni Bahari ya Libya. Barabara ya magari haijafika, kwa hiyo kila kitu, kuanzia mgeni hadi kreti ya nyanya na mtungi wa gesi, huingia kwa chombo cha baharini au kwa miguu. Utulivu wa Loutro unatokana na hilo, na adha zake nazo ni hizo hizo. Ratiba hii inafuata saa za feri, upande wa jua na upepo. Anayepanga siku zake kwa orodha ya vivutio ataishia kukaa gatini akitazama bahari iliyochafuka.

Kabla ya kuondoka

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji visa ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, na bima ya safari lazima ifidie matibabu ya angalau yuro 30,000. Ombi lipelekwe mapema, si chini ya siku 15 kabla ya safari na si zaidi ya miezi 6. Wenye kibali cha kuishi katika nchi ya Schengen wanaingia kwa kibali hicho na pasipoti. Jambo moja huwakwaza waombaji: nyumba za wageni za Loutro ni za familia, na uthibitisho wa chumba wanaotuma mara nyingi ni barua pepe ya mistari miwili. Omba wauandike upya ukiwa na majina yote kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuingia na ya kutoka, na anwani kamili.

Miezi mizuri ni katikati ya Mei hadi katikati ya Juni, na Septemba hadi mwanzo wa Oktoba. Mei milima imejaa maua lakini bahari bado baridi, nyuzi 19 au 20 hivi. Septemba maji yanafika 25. Julai na Agosti joto hupita nyuzi 35, na njia zote za miguu hapa hazina kivuli. Kuanzia Novemba nyumba nyingi hufungwa.

Siku ya 1: Chania hadi Loutro

Uwanja wa ndege wa Chania umepewa jina la Ioannis Daskalogiannis, na jina hilo utalikuta tena kwenye ubavu wa feri na kwenye sanamu ya mlimani. Basi la uwanjani linachukua kama nusu saa hadi mjini. Kituo cha mabasi ya mikoani kiko karibu na uwanja uitwao Plateia 1866. Tiketi hukatwa dirishani, na mzigo unawekwa tumboni mwa basi.

Ratiba za Ugiriki zimeandikwa kwa saa 24, kwa hiyo 08:30 ni saa 2:30 asubuhi ya Kiswahili. Mabasi ya kwenda kusini ni machache kwa siku, na anayekosea kusoma saa huenda akakaa nusu siku kituoni. Mwisho wa safari huandikwa Chora Sfakion, Hora Sfakion au Sfakia tu. Pote ni pale pale. Kwenye paji la basi tafuta herufi ΣΦΑΚΙΑ au ΧΩΡΑ ΣΦΑΚΙΩΝ. Panda basi la asubuhi, maana likiharibika au likichelewa bado kuna feri ya mchana na ya jioni.

Safari ni kama saa mbili. Basi linapita Vrysses, linapanda hadi uwanda wa Askifou, ulio mita 700 na ushei juu ya bahari, kisha linateremka kando ya korongo la Imbros kwa kona za kukunjana. Anayetapika garini akae mbele, asile kitu kizito asubuhi hiyo. Njia hii ndiyo waliyoishika kwa miguu wanajeshi wa Uingereza, Australia na New Zealand mwishoni mwa Mei 1941, baada ya Wajerumani kuteka kisiwa. Maelfu walichukuliwa na manowari usiku kutoka ufuko wa Chora Sfakion, na maelfu wengine waliachwa wakatekwa. Bandarini kuna mnara wa kumbukumbu.

Chora Sfakion ndipo pa kumalizia mambo ya pesa. Loutro haina benki, na mashine ya kadi inategemea mtandao ambao siku za upepo hukatika. Mlo wa kawaida wa mtu mmoja ni kama yuro 15 hadi 20. Zidisha kwa siku zako, ongeza chumba kama hujalipa, boti ndogo, na ile tozo ya serikali ya mabadiliko ya tabianchi, ambayo hutozwa kwa chumba kwa kila usiku na mara nyingi haimo kwenye bei uliyoona wakati wa kuweka nafasi.

Tiketi ya feri inakatwa kwenye kibanda cha gatini kabla ya kupanda. Safari ni dakika 15 hadi 20. Usipande juu kabisa kupiga picha ukaacha sanduku chini. Ikifika Loutro, feri inashusha mlango wa mbele ufukoni, watu wanashuka, wengine wanapanda, na baada ya dakika chache mlango unainuliwa. Sanduku la magurudumu utalibeba mkononi, kwani njia ya mbele ya nyumba ni nyembamba na imekatwa na ngazi, na kokoto hazibiringiki chini ya gurudumu. Begi la mgongoni linafaa zaidi, na siku ya 6 itaonyesha kwa nini.

Ghuba inatazama mashariki na kusini. Chumba cha mbele kinapata jua tangu linapochomoza, na mchana ukizidi kivuli cha rasi kinaanza kuifunika pwani. Vyumba vilivyo juu ya migahawa vina mandhari nzuri na kelele za sahani hadi karibu usiku wa manane. Anayelala mapema aombe cha nyuma au cha ghorofa ya juu. Karatasi ya chooni hutupwa kwenye ndoo iliyo pembeni, haiendi na maji: mabomba ya majitaka ni membamba, na likiziba moja nyumba nzima inaathirika.

Siku ya 2: ghuba, rasi na Finikas

Siku hii ya karibu ni ya kujifunza jua na bahari. Ufuko wa kijiji ni wa kokoto na mfupi. Vaa viatu vya maji, kwa sababu kwenye miamba ya pembeni kuna viumbe vyeusi vya duara vyenye miiba mirefu. Mwiba ukiingia unakatikia ndani ya nyayo.

Mitumbwi ya kukodi ipo ufukoni. Itoe asubuhi na mapema, shika ukingo, na uelewe upepo kabla ya kupiga kasia. Majira ya joto upepo mkuu hutoka kaskazini, yaani unashuka mlimani kwenda baharini. Ukiwa chini ya jabali huusikii, maji yametulia kama kioo. Ukitoka mita mia kadhaa, au ukipita mbele ya mdomo wa korongo, unakupiga kwa ghafla na kukusukuma kuelekea Afrika. Kwenda ni rahisi mno, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Ukiona vichwa vyeupe vya mawimbi upande wa nje, geuza wakati huo huo.

Alasiri, jua likipungua, pandisha rasi iliyo magharibi ya kijiji. Juu kuna magofu: ngome ya enzi za Waturuki, mabirika ya zamani ya maji, kuta za mji ulioitwa Phoenix. Wasomaji wa Matendo ya Mitume sura ya 27 wanaufahamu kwa jina la Foinike: ndiyo bandari ambayo mabaharia wa jahazi lililombeba Paulo walitaka kuifikia wapitishe majira ya baridi. Upepo mwanana wa kusini uliwapa moyo, wakang'oa nanga; kitambo kidogo ukateremka kutoka kisiwani upepo mkali wa kaskazini-mashariki, Eurakilo, ukawapeperusha kupita kisiwa cha Kauda. Kauda ndiyo Gavdos ya leo, na siku ya hewa safi unaiona kutoka rasini, mstari wa kijivu upande wa kusini. Kwa hali ya hewa ya pwani hii maelezo yale bado yanafaa.

Kutoka mgongo wa rasi unateremka upande wa pili hadi ghuba ya Finikas, kama dakika 20 kutoka kijijini, kisha Lykos mbele kidogo. Upande huu unatazama magharibi, kwa hiyo jua la jioni lipo hapa wakati Loutro imeshaingia kivulini. Beba tochi ya kurudia. Njia ni ya mawe na haina taa.

Siku ya 3: Glyka Nera

Glyka Nera maana yake ni maji matamu. Maji ya mvua na theluji ya Milima Myeupe hupenya kwenye mwamba wa chokaa na kutokea chini, pale kokoto zinapokutana na bahari. Chimba kwa mikono hatua chache kutoka kwenye wimbi, shimo la kina cha kiwiko, subiri mchanga utulie, na maji ni ya kunywa. Baharini maji hayo baridi huelea juu ya maji ya chumvi, hivyo kifua kinaganda huku miguu ikiwa na joto. Mwenye tatizo la moyo aingie taratibu.

Unaweza kwenda kwa boti ndogo. Kwa miguu ni zaidi kidogo ya saa moja, na njia inaanza nyuma ya nyumba za mwisho upande wa mashariki. Ni sehemu ya njia ndefu ya E4, yenye alama za rangi ya njano na nyeusi kwenye mawe na nguzo. Ukikuta geti la waya la kuzuia mbuzi, lifungue, pita, lifunge kwa waya wake kama ulivyolikuta. Ondoka kabla ya saa 2 asubuhi. Lita moja na nusu ya maji kwa kila mtu inatosha, kwa kuwa utajaza chupa ufukoni. Kandambili zibaki chumbani: mawe yana ncha, na karibu na mwisho kuna rundo la majabali yaliyoporomoka ambalo unalivuka kwa mikono na miguu.

Majabali hayo yanaeleza kitu kingine. Ufuko uko chini ya ukuta wa mwamba, na mawe huanguka, hasa baada ya mvua au mbuzi wanapopita juu. Kivuli cha asubuhi kiko chini ya ukuta huo na kinavutia, ila tandika taulo karibu na maji na ukodi mwavuli. Mgahawa uliopo umejengwa juu ya kijukwaa cha zege kilichotoka baharini. Uko msimu tu, na bahari ikichafuka haufunguliwi, hivyo usiutegemee kwa chakula cha mchana.

Kurudi ni vizuri kwa boti ya alasiri. Muulize mwenye boti saa ya mwisho asubuhi, si wakati umechoka.

Siku ya 4: Anopoli, daraja la Aradena, Marmara

Hii ndiyo siku ngumu, kama saa saba za kutembea. Lita tatu za maji kwa mtu, kofia, viatu vinavyoshika kifundo, chumvi kidogo au vidonge vya chumvi. Upepo mkali ukivuma, au mvua ikinyesha milimani, iahirishe. Korongo hupitisha maji na mawe kutoka sehemu ambako huoni mawingu.

Saa 12 asubuhi uwe njiani. Njia ya punda inapanda nyuma ya kijiji kwa kona nyingi, saa moja na nusu hadi mbili, na faida ya kuondoka mapema ni kumaliza mwinuko kabla jua halijaukamata ukuta wote. Ukifika mgongoni, kwenye kanisa dogo la Mtakatifu Katerina, tazama nyuma: Loutro nzima inaenea chini ya kidole gumba.

Anopoli ni kijiji cha uwandani chenye mashamba na duka la mikate. Nunua mikate midogo ya jibini, jaza chupa. Uwanjani imesimama sanamu ya Daskalogiannis, mwenye meli tajiri wa hapa aliyeongoza uasi dhidi ya watawala Waturuki wa Osmani mwaka 1770. Urusi ilikuwa imeahidi msaada ambao haukufika. Alijisalimisha, na mwaka 1771 akachunwa ngozi akiwa hai huko Heraklion.

Kutoka Anopoli unafuata lami kuelekea magharibi kwa kilomita tatu na ushei hadi daraja la chuma la Aradena, lililojengwa 1986 kwa fedha za familia ya Vardinogiannis. Liko mita 138 juu ya sakafu ya korongo. Sakafu yake ni mbao, na gari likipita zinagonga kiasi cha kumshtua asiyetarajia. Ng'ambo kuna kijiji cha Aradena kilichohamwa baada ya visasi vya koo katika karne ya 20. Kuta za nyumba zimebaki, na kanisa la Malaika Mikaeli lenye kuba limesimama ukingoni.

Ngazi ya mawe ya zamani inateremka pembeni mwa kijiji hadi chini. Kutoka hapo unafuata mkondo mkavu kuelekea baharini, saa mbili na nusu hadi tatu. Alama ni nukta za rangi na vijirundo vya mawe. Ukikaa dakika kumi bila kuiona hata moja, rudi ulikoiona ya mwisho, maana kwa kawaida njia imepanda ubavuni kukwepa jabali. Sehemu moja ina mteremko wima wenye ngazi za chuma. Siku hizi ipo njia ya kuzunguka yenye vishikio, na hiyo ndiyo ya kutumia, hasa ukiwa na begi zito. Hatari ya kweli ni mbuzi walio juu. Ukisikia kokoto zinadondoka, sogea chini ya mwamba uliojitokeza, usisimame kutazama zinakotoka.

Korongo linafunguka kwenye ufuko wa Marmara, ambao umepewa jina la miamba yake ya marumaru, laini, iliyotobolewa mapango na mawimbi. Kuna mgahawa juu ya mwamba. Msimu ukiwa umechanganya boti ndogo hurudisha watu Loutro alasiri. Usipoipata, ni saa moja na robo kwa miguu kupitia Lykos na Finikas, na kuna mpando mwingine ambao miguu iliyochoka haitaufurahia.

Siku ya 5: kupumzika na kula

Anayependa anaweza kupanda feri dakika 40 hivi hadi Agia Roumeli, aingie korongo la Samaria kwa chini, na kufika Milango ya Chuma, mahali kuta za mita 300 zinabanana hadi mita nne au pungufu. Ni mwendo wa saa moja na nusu kwenda. Tunza kipande cha tiketi ya kuingilia korongoni, kinakaguliwa wakati wa kutoka. Korongo ni hifadhi, nayo hufunguliwa Mei hadi Oktoba, na hufungwa siku za joto kali au mvua.

Wengine wakae kijijini, wale vizuri. Vyakula vilivyopikwa huwekwa nyuma ya kioo, nenda uvione na uonyeshe kwa kidole. Samaki wabichi wameandikwa bei ya kilo, si ya sahani. Omba apimwe mbele yako kabla ya kwenda jikoni, vinginevyo bili itakushangaza. Kwa Waislamu, nyama ya mishikaki na ya kukatwa kwenye mkate mara nyingi ni nguruwe. Pweza, samaki, mboga za porini zilizochemshwa zikamiminiwa mafuta ya zeituni na limau, na maharage makubwa ya kuoka havina shida. Baada ya mlo huletwa raki, pombe kali ya zabibu, bila malipo. Kukataa si utovu wa adabu. Weka mkono kifuani, useme ahsante, watakuletea tunda.

Cha kuonja hapa ni pai ya Sfakia, inayofanana na chapati iliyomeza jibini. Unga nusu kilo, vijiko viwili vya mafuta ya zeituni, chumvi, glasi ndogo ya raki na maji hadi donge lilainike. Lipumzike nusu saa. Raki huulainisha unga, na asiyeitaka aulize kabla ya kuagiza. Chukua donge la ukubwa wa limau, lifungue kiganjani, weka ndani jibini laini la mizithra la kiasi hicho hicho, ufunge mdomo, kisha usukume taratibu hadi upana wa sahani ndogo. Oka kwenye kikaango kikavu dakika mbili kila upande, mimina asali. Ikipasuka, jibini lilikuwa na maji: lining'inizwe kwenye kitambaa usiku kucha. Ikiwa ngumu, unga haukupumzika.

Jioni hiyo soma hali ya hewa. Uliza gatini, si mapokezi tu, kama feri za kesho zitatoka.

Siku ya 6: kurudi

Upepo wa kaskazini hausumbui feri sana, kwani ghuba imefichwa na mlima. Wa kusini ndio unaoleta mawimbi moja kwa moja ufukoni, na feri inashindwa kushusha mlango. Mamlaka ya bandari ikizuia vyombo, boti ndogo zinasimama kwanza, feri baadaye. Mwenye begi la mgongoni ana njia mbili: kutembea hadi Chora Sfakion kupitia Glyka Nera, saa mbili na nusu hadi tatu, ambapo kipande cha baada ya ufuko kimechongwa kwenye mwamba na ni chembamba juu ya bahari, si cha mwenye kizunguzungu wala cha siku ya dhoruba, au kupanda hadi Anopoli na kuita teksi. Mwenye sanduku la magurudumu atasubiri.

Kwa hiyo usiku wa mwisho kabla ya ndege ulale Chania. Shika feri ya kwanza ya asubuhi na basi linalofuata, na ukifika Chora Sfakion weka mzigo kwenye foleni ya basi kabla ya kununua kahawa. Alasiri foleni hiyo hujaa watembeaji wanaotoka Samaria, na basi likijaa hutegemea kama dereva ataita la ziada.